Gumzo la ukoo: Siku moja Tarragona

Shangazi Mwanahawa: Asalaam aleykum wanangu. Mwezi wa tano mimi, Latifa na watoto wawili tutakuwa Barcelona wiki moja, inshallah. Latifa anataka siku moja twende Tarragona, huko huko Hispania, tukauone mji wa Warumi. Salama, wewe ndiye mwenyeji huko. Tuanzie wapi? Goti langu mnalijua.

Salama: Wa aleykum salaam, shikamoo shangazi. Siku moja inatosha mkiipanga. Kwanza chagueni siku: isiwe Jumatatu. Jumatatu maeneo ya Kirumi yaliyo chini ya manispaa hufungwa yote: kuta, uwanja wa mbio za magari ya farasi, na amfitheatro, yaani ule uwanja wa mviringo wa mapambano. Jumapili nayo hufungwa mapema mchana. Njooni kati ya Jumanne na Ijumaa.

Shangazi Mwanahawa: Marahaba mwanangu. Alhamisi basi.

Idi: Shikamoo shangazi. Kwenye treni ndiko watu wanakokosea, sikiliza. Kuna stesheni mbili zenye jina la Tarragona. Moja inaitwa Tarragona tu, iko chini ufukweni, mji uko juu yake hapo hapo. Ya pili ni Camp de Tarragona, ya treni za mwendo kasi, na hiyo iko mashambani, kama kilomita 10 kutoka mjini. Mtu anaona treni ya dakika 35 anafurahi, anakata tiketi ya bei ghali, kisha anashuka kwenye mashamba aanze kutafuta basi. Nyinyi chukueni treni ya mkoa pale Barcelona Sants. Inachukua saa moja na robo hivi, bei yake ni ndogo na haina namba za viti. Kaeni upande wa kushoto. Mkifika Garraf reli inapita kando kabisa ya bahari, watoto watafurahi.

Idi: Na pale Sants mkoba uwe mbele ya tumbo, si mgongoni. Wezi wa mifukoni wapo.

Latifa: Asante kaka. Kigari cha mtoto nije nacho au nimfunge mgongoni?

Salama: Mgongoni, dada. Mji wa juu, wanauita Part Alta, ni mawe na ngazi. Mawe ya njia yamesuguliwa na nyayo mpaka yanateleza, na mvua ikinyesha ndiyo balaa. Viatu bapa vyenye soli ya mpira, wote.

Mjomba Rashidi: Shemeji karibu sana. Mimi naona muanze na amfitheatro, maana ndiyo iliyo karibu na stesheni.

Salama: Shikamoo mjomba. Hapo naomba nikupinge kidogo. Ukianza na amfitheatro umeanzia bondeni, kisha unapanda mlima saa sita juani. Kwa goti la shangazi, hapana. Pale stesheni wachukue teksi mpaka Portal del Roser, lango la ukuta wa zamani upande wa juu. Kuanzia hapo siku nzima ni kushuka, na wanaishia karibu na stesheni. Teksi ile moja ndiyo inayookoa safari yote.

Mjomba Rashidi: Marahaba. Nimekubali, una hoja.

Salama: Na kuna sababu nyingine. Warumi wenyewe waliupanga mji kutoka juu kwenda chini. Tarraco, ndilo jina la Kirumi la Tarragona, ulikuwa makao makuu ya jimbo la Warumi la Hispania Citerior, na mfalme mkuu Augustus mwenyewe alikaa pale mwaka 26 na 25 KK akiendesha vita vya kaskazini. Karne ya 1 BK wakakichonga kilima kuwa ngazi tatu kubwa, jumla kama hekta 18. Juu kabisa ibada, katikati uwanja wa utawala wa jimbo, chini uwanja wa mbio za magari ya farasi. Leo juu kuna kanisa kuu, katikati kuna nyumba za watu, chini kuna maduka na mikahawa. Ukilijua hilo, kila kona unajua umesimama wapi. Usipolijua unaona magofu yaliyotawanyika, unachoka bure.

Latifa: Kumbe si eneo moja lenye uzio?

Salama: Sivyo kabisa. UNESCO mwaka 2000 waliorodhesha sehemu 14 kuwa urithi wa dunia, nyingine ziko nje ya mji. Watu wanaishi ndani ya mji wa Warumi. Ukuta wa duka la mkate unaweza kuwa na nguzo ya miaka elfu mbili. Kwa hiyo mkishateremka Portal del Roser, ingieni lango mwende Plaça del Pallol, ni hatua chache. Humo kuna mfano mkubwa wa mji wa Tarraco uliotengenezwa kwa kipimo kidogo. Wakalishe watoto mbele yake robo saa, wazionyeshe kwa vidole zile ngazi tatu. Baada ya hapo ndiyo mwende kwenye kuta.

Mjomba Rashidi: Kuta niachie mimi. Shemeji, njia inaitwa Passeig Arqueològic, inapita katikati ya ukuta wa Warumi na boma la karne za baadaye, ina miti na sehemu za kukaa. Zilikuwa karibu mita 3,500, zimebaki kama 1,100. Tazama chini kwanza: mawe makubwa mno, hayakuchongwa vizuri, yamepangwa bila chokaa. Hapo zamani watu walidhani ni ya majitu. Juu yake kuna mawe yaliyochongwa mraba. Ni ukuta mmoja, wa Warumi hao hao. Mawe makubwa ni msingi wa kubeba uzito, madogo ndiyo mwili.

Mjomba Rashidi: Mkiwa na subira, yasogeleeni yale mawe ya mraba wakati jua liko pembeni. Mtaona alama ndogo zilizokwaruzwa: herufi za Kiiberia, za wenyeji wa nchi ile kabla Kilatini hakijaenea. Ni alama za mafundi. Yaani Mrumi alitoa amri, na mikono ya mwenyeji ndiyo iliyochonga. Huko nyuma, kuanzia mwaka 218 KK, ndugu wa ukoo wa Scipio, majemadari wa Kirumi, walikuja kupigana na Carthage, dola ya Afrika Kaskazini, wakaifanya Tarraco kambi yao. Kuta zilianzia hapo, karne ya 2 KK zikapanuliwa.

Shangazi Mwanahawa: Hizo herufi nitazitafuta. Na kanisa? Mimi nitakaa nje nisubiri?

Salama: La, shangazi, ingia. Tiketi yake ni mbali na ile ya pamoja ya maeneo ya Kirumi, msichanganye. Kanisa limekalia mahali pa hekalu la Augustus. Mwaka 15 BK Wahispania waliomba ruhusa kwa Tiberius, mrithi wa Augustus, kulijenga hekalu hilo. Kanisa lenyewe lilianza kujengwa 1171 likawekwa wakfu 1331. Lakini wewe nenda moja kwa moja kwenye ua wa ndani wenye bustani na matao. Ukutani kuna tao dogo la marumaru, umbo la mihrabu, limezungukwa na maandishi ya Kiarabu ya Kufi. Limetajwa jina la Abd al-Rahman III, khalifa wa Cordoba, na mwaka 349 Hijria, yaani 960. Wamelipachika katika ukuta wa kanisa. Wageni wengi hulipita bila kuliona kwa sababu macho yako bustanini.

Shangazi Mwanahawa: Subhanallah. Hilo pekee linatosha kunitoa Barcelona.

Salama: Na kwa watoto, katika ua huo huo kuna kichwa cha nguzo kilichochongwa panya wanamzika paka. Wamembeba kwenye jeneza, msafara mzima, kumbe paka hajafa. Kipande cha pili karuka, panya wametawanyika. Kiko juu kidogo, wanyanyueni.

Latifa: 😂😂 Hiyo wataisimulia mwaka mzima.

Mjomba Rashidi: Msisahau mwanasesere wa pembe. Mwaka 1923 walipokuwa wanajenga kiwanda cha tumbaku kando ya mto Francolí, wakakuta makaburi ya Wakristo wa mwanzo, zaidi ya 2,000. Katika kaburi moja la mtoto walimpata mwanasesere wa pembe ya ndovu, urefu sentimita 23, mikono na miguu ina viungo vinavyokunjika. Ni wa karne ya 4. Sasa fikiria: miaka mia tatu kabla yake, kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kilikuwa tayari kimeitaja pwani yetu, Azania, na soko la Rhapta, na bidhaa ya kwanza kutajwa ni pembe za ndovu. Pembe hizo zilikuwa zikiingia katika dola ya Warumi kupitia Misri. Mwanasesere yule nikimtazama sioni kitu cha mbali.

Salama: Ni wa makumbusho ya akiolojia, mjomba. Jengo lao la Plaça del Rei lilifungwa 2018 kwa ukarabati, wakahamishia maonyesho ghala la zamani la bandarini, Tinglado 4. Dada, ingia kwenye tovuti yao siku mbili kabla, uangalie maonyesho yako wapi, ndipo upange.

Idi: Uwanja wa farasi msije mkadhani mmeukosa. Plaça de la Font, ule uwanja mrefu wenye mikahawa mbele ya ofisi za manispaa, ndipo farasi walipokimbilia. Umbo lake refu limetoka hapo. Ulikuwa na urefu wa kama mita 325 na watazamaji kama 30,000, ulijengwa enzi za mfalme mkuu Domitian. Nyumba zote za pembeni zimekalia matao yaliyobeba viti. Mikahawa mingine unakula chini ya tao la Kirumi.

Salama: Kweli. Na pale Pretori, ule mnara wa Plaça del Rei, tiketi inaunganisha mnara na mahandaki ya uwanja. Handaki moja ni refu, karibu mita 90, giza na baridi. Mtoto mdogo avae sweta hata kama nje kuna jua. Juu ya mnara unaona kila kitu kwa pamoja: kanisa, amfitheatro, bahari. Ngazi ni nyingi, shangazi. Uliza mlangoni kuhusu lifti kabla hujaanza kupanda. Wakisema hakuna siku hiyo, baki kwenye mahandaki, hujapoteza.

Shangazi Mwanahawa: Na amfitheatro?

Salama: Kutoka hapo mnavuka barabara mnateremka bustani, dakika tano. Ni ya mwanzo wa karne ya 2, watu kama 14,000. Upande mmoja viti vimechongwa kwenye mwamba wa kilima, upande wa bahari vilibebwa na matao, ndiyo maana wa bahari umeharibika zaidi. Mwamba hauanguki, matao yaliporwa mawe. Katikati ya kiwanja mtaona kuta kama msalaba. Tarehe 21 Januari 259 askofu Fructuosus na mashemasi wake wawili, Augurius na Eulogius, walichomwa moto hapo hapo. Karne ya 6 Wakristo wakajenga kanisa mahali hapo kuwakumbuka, karne ya 12 likaja jingine juu yake. Chini ya kiwanja kuna mitaro mirefu, humo ndimo walimopandishia wanyama na watu kwa lifti za kamba.

Salama: Kama goti limechoka, usishuke. Tazama kutoka ukingo wa bustani juu, sura yake yote inaonekana pamoja na bahari nyuma yake. Mimi naona pale ndipo penye picha nzuri kuliko ndani.

Latifa: Chakula?

Idi: Jikoni hufanya kazi saa saba na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu hivi. Ukija saa kumi utapewa mkate tu. Mtaa wa wavuvi unaitwa Serrallo, kando ya bandari, samaki wabichi. Ombeni mchuzi wa romesco: lozi, hazelnati, kitunguu saumu, nyanya, pilipili kavu isiyo kali iitwayo nyora, mafuta ya zeituni na siki. Ule wa kuchovya ni salama mara nyingi. Ule wa kupikia samaki hutiwa divai mahali pengine, kwa hiyo ulizeni kabla. Na supu pia, mafuta ya nguruwe hupita kimya kimya.

Mjomba Rashidi: Mmesahau mfereji wa maji wa Warumi! Mtu aende Tarragona asione Pont del Diable?

Salama: Nilikuwa nakuja huko mjomba. Daraja la Shetani, kilomita 4 nje ya mji. Basi za mjini zinazokwenda Sant Salvador zinapita karibu, mwambieni dereva. Kisha ni njia ya misonobari dakika chache. Hakuna kiingilio. Bebeni maji, msitegemee duka.

Mjomba Rashidi: Urefu mita 217, kimo mita 27. Matao ya chini 11, ya juu 25, kwa sababu bonde ni jembamba chini na pana juu. Kila tao lina upana ule ule, futi 20 za Kirumi, kama mita 5.9. Walitumia kipimo kimoja ili fremu ile ile ya mbao iliyoshikilia tao moja ihamishiwe jingine. Na hakuna chokaa kati ya mawe! Uzito wenyewe ndio unaoshika. Maji hayakugusa mawe hayo. Yalipita juu kabisa, kwenye mfereji uliopakwa lipu.

Latifa: Juu mtu anapita?

Salama: Ndiyo, unatembea ndani ya mfereji wenyewe, kuta zake ziko pembeni. Ni mwembamba, watu wawili wakikutana mmoja anajibanza. Mtoto umshike mkono, na mwenye kizunguzungu abaki chini. Shangazi, chini ndiyo pazuri zaidi kwako, kuna kivuli.

Idi: Ratiba basi: treni ya saa mbili asubuhi, saa tatu na nusu Portal del Roser. Kuta, kanisa, mnara mpaka saa saba. Serrallo kula. Amfitheatro saa kumi. Mfereji kama bado mna nguvu, kwa teksi kwenda na kurudi. Mkiona watoto wamechoka, uacheni.

Shangazi Mwanahawa: Mfereji siuachi. Nitaacha mnara.

Salama: Sawa shangazi. Na mwezi wa tano kuna tamasha la Tarraco Viva, watu wanavaa Kirumi mitaani. Dada angalia tarehe zake. Zikigongana na Alhamisi yenu, kateni tiketi za maeneo mapema, foleni huwa ndefu.

Latifa: Naangalia sasa hivi.