Mwalimu wa tuisheni amempigia mtoto wangu alama ya X kwa jibu sahihi, na hataki kuambiwa

Wadau, niacheni niseme kabla sijapasuka.

Jumamosi binti yangu, yuko gredi ya 7, alirudi kutoka tuisheni hapa Umoja, Nairobi, amenuna. Nalipa shilingi 500 kila kipindi na sijawahi kuchelewesha. Nafungua daftari: swali la nne linauliza kama 1,000,001 ni nambari tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe. Mtoto kaandika si tasa, na chini yake 101 × 9,901. Mwalimu kampigia X nyekundu hadi kalamu ikatoboa karatasi. Pembeni: "Ni tasa! Kuwa makini."

Nikatoa simu, nikazidisha. 1,000,001. Nikarudia kwa mkono, 990,100 jumlisha 9,901, nisije nikaaibika bure. Ni ile ile.

Nikamwandikia kwa adabu: mwalimu, habari ya jioni, naomba uliangalie tena swali la nne. Akajibu: "Mzazi, nimejaribu 2 mpaka 37, zote zimekataa. Tuachie kazi yetu."

Mpaka 37! Kipeuo cha pili cha nambari hiyo kinapita 1,000 kwa nywele tu, na nambari isiyo tasa lazima igawanyike kwa nambari tasa isiyozidi kipeuo chake. Ukitaka kuapa kwamba ni tasa, sharti ujaribu nambari tasa zote zilizo chini ya 1,000, nazo ni 168. Yeye kajaribu 12 akafunga duka. Tena 999,999 hugawanyika kwa 3, 7, 11, 13 na 37. Ongeza 2 upate 1,000,001, basi hizo zote tano lazima zibakize 2. Angejua hilo, hata huo wino asingeupoteza.

Na mtoto hakubahatisha. Kaka yake wa kidato cha tatu alimwonyesha ujanja: milioni ni 100 mara 100 mara 100. Mia imepungukiwa na moja tu kufika 101, kwa hivyo ukihesabu baki ya kugawanya kwa 101, ichukue kama −1. Zidisha −1 × −1 × −1, bado ni −1. Ongeza ile 1 ya mwisho, baki ni sifuri. Nilimfanya anieleze mara mbili, ya pili nikiwa nimeacha ugali jikoni.

Kukosea najua kupo. Fermat mwenyewe, bingwa wa hesabu wa zamani, aliamini 4,294,967,297 ni tasa, mpaka bingwa mwenzake Euler mwaka 1732 akaonyesha inagawanyika kwa 641. Lakini Fermat hakuwa na simu mfukoni, wala hakumtoboleza mtoto wa mtu daftari.

Nilimtumia mwalimu picha ya hesabu yote jana saa mbili usiku. Tiki mbili za buluu, kimya. Leo asubuhi ndio kapata la kusema, kwenye grupu ya wazazi: ada ya Jumamosi itumwe mapema.

Kuna anayemjua mwalimu mwingine wa hesabu pande za Umoja au Donholm?