Naomba ushauri: Kukadiria hewa ya kale ya Mirihi kutokana na mawe ya mchanga

Ndugu zangu mnaofahamu jiolojia, naomba mnisaidie. Ninaandika tasnifu kuhusu mchanga uliopeperushwa na upepo katika sayari ya Mirihi ukageuka mwamba, na ninataka kukadiria msongamano wa hewa ya wakati huo.

Mwaka 2015 chombo cha utafiti cha Curiosity kilipofika kwenye matuta ya mchanga ya Bagnold huko Mirihi, kilipiga picha za viwimbi vya mchanga vilivyoachana kwa takriban mita 2 hadi 3, na juu ya migongo yake vimetanda vingine vidogo vinavyofanana na vile vya matuta ya Dunia. Hoja inayonivutia ni kwamba vikubwa hivyo hutokana na wepesi wa hewa ya huko, ambayo shinikizo lake ni milibari 6 hivi, na kwamba hewa ikiwa nzito zaidi umbali kati ya viwimbi hivyo hupungua. Wapo wanaoipinga, wakisema ni mgongano wa chembe za mchanga zinazorushwa na upepo tu uliovikuza.

Kinachonikwamisha ni hiki: katika picha za mwamba ninaona tabaka za mshazari zenye unene wa sentimita chache, yaani nyayo za viwimbi ambavyo migongo yake ilikwisha kukatwa na upepo. Je, kuna njia ya kuaminika ya kukadiria umbali kati ya migongo hiyo kutokana na mabaki hayo? Na nikishaupata, nitatofautishaje athari ya msongamano wa hewa na ile ya kasi ya upepo au ukubwa wa chembe?