Wi-Fi ya mgahawa yenye nywila: inafaa kwa mambo ya benki?

Nahodha_Data
Wakuu, salaam. Migahawa mingi inabandika nywila ya Wi-Fi ukutani na wateja wote wanatumia hiyo hiyo. Je, kwa kuwa kuna nywila, ni salama kufungua programu ya benki na barua pepe? Na kwa nini wakati mwingine, ukishaunganisha tu, kivinjari kinatoa onyo kwamba muunganisho si wa faragha? Naomba maelezo ya kiufundi tafadhali, "kuwa makini" tumeshaisikia.

fundi_mnara
Mkuu, nywila ya ukutani inamzuia mpita njia, haimzuii aliyekaa meza ya pili. Kwenye WPA2, mfumo wa ulinzi wa Wi-Fi wenye nywila, ufunguo wa simu yako unatokana na nywila hiyo pamoja na namba ambazo simu na ruta hupeana hewani wakati wa kuunganisha. Mwenye nywila akizinasa namba hizo, anasoma mawasiliano yako. Kama uliunganisha kabla hajafika, anaweza kutuma amri bandia ya kukukata. Simu inarudi yenyewe, naye anazinasa. WPA3, toleo linalofuata lililotangazwa 2018, imeziba tundu hilo, lakini usidhani kila ruta imefika huko.

Kinachokulinda hasa ni HTTPS, yaani usimbaji (kugeuza ujumbe kuwa msimbo wa siri) wa pili kati ya simu na seva ya benki. Msikilizaji ataona umewasiliana na benki gani, hataona ulichoandika. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya usalama, uwashe hali ya kutumia HTTPS pekee. Firefox na Chrome zote zinayo.

Bi_Seva
Niongeze kuhusu onyo, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Mitandao mingi ya bure ina ukurasa wa kuingilia, na kabla hujaupita, ruta inakamata kila ombi na kukurudisha kwake. Ukianza na tovuti ya HTTPS, ruta haina cheti (kitambulisho cha kidijitali) cha tovuti hiyo, basi kivinjari kinapiga kelele. Kiko sahihi. Usibonyeze "endelea". Fungua neverssl.com, ambayo haitumii HTTPS kwa makusudi, ukurasa wa kuingilia utatokea, umalize hapo.

Onyo likibaki baada ya kuingia, kagua kwanza tarehe na saa ya simu, kwa sababu saa ikikosea, vyeti halali vinaonekana vimekwisha muda. Saa iko sawa na onyo bado lipo? Kata Wi-Fi papo hapo, tumia bando.

Na ukurasa huo wa kuingilia ukidai nywila ya barua pepe yako au namba ya siri ya M-Pesa, ujue ni mtego. Kukupa intaneti hakuhitaji vitu hivyo hata kidogo.

Nahodha_Data
Asante sana dada, hilo la saa sikulijua. VPN je? Na DNS ya faragha ya Android?

kebo_ya_shaba
VPN, yaani programu inayosimba mawasiliano yako na kuyapitisha kwenye seva yake, inasaidia, ila ina utaratibu wake: pita ukurasa wa kuingilia kwanza, ndipo uiwashe. Ukianza na VPN, mara nyingi ukurasa hautokei kabisa. Kwenye Android, ndani ya mipangilio ya VPN, washa "iwe imewashwa kila wakati" na kuzuia miunganisho isiyopita VPN, la sivyo ikikatika dakika moja data zinatoka wazi bila wewe kujua. VPN za bure ambazo mmiliki wake hajulikani ziogopeni: unamhamishia mtu mwingine kila ulichokuwa unamficha mwenye mgahawa.

DNS ni huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake, na ile ya faragha ipo kuanzia Android 9. Ukiweka dns.google, maombi ya majina ya tovuti yanasimbwa. Tatizo lake ni kwamba inaweza kutumia mlango (port) 853, na mitandao mingine huufunga. Wi-Fi itasema imeunganishwa lakini hakuna kinachofunguka. Irudishe kwenye "kiotomatiki", ukitoka hapo uiweke tena.

Kompyuta ya Windows ikiuliza, chagua mtandao wa umma, siyo wa binafsi. Hapo inajificha kwa wenzako wa mtandao huo na kufunga kushirikishana mafaili.

fundi_mnara
Jambo moja limesahaulika, nalo ni kubwa: ukiondoka, sahau mtandao. Simu humtambua rafiki yake kwa jina la mtandao na aina ya ulinzi tu. Mtu akiwasha ruta yake stendi kwa jina lile lile na nywila ile ile ya ukutani, simu inaunganisha ikiwa mfukoni. Kwenye Android bonyeza jina la mtandao kwa muda, chagua "sahau". iPhone zenye iOS 16 kwenda juu zinaonyesha orodha ya mitandao yote ya zamani. Pitia na ufute.

Kwa kutuma pesa, menyu ya *150*00# ya Vodacom Tanzania au *334# ya Safaricom haipiti kwenye Wi-Fi hata ikiwa imewashwa, inapita mtandao wa simu wenyewe.