Kompyuta ya steshenari ina Windows 10: niende 11 au nibaki?

Dada Steshenari: Habari zenu wakuu. Natumia HP EliteBook 840 G3, i5-6300U, RAM GB 8, kwa kuchapa na kuprinti kazi za wateja. Tangu 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipewi tena apdeti za usalama, na nikijaribu kwenda 11 naambiwa mashine haikidhi vigezo. Kuna fundi anasema ataiingiza kwa nguvu. Naombeni ushauri, hii ndiyo inayonilisha.

Fundi Kijana: Mwache aweke. Akiandaa flashi kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kuingizia Windows, ule ukaguzi wa vigezo unarukwa. Zinapiga kazi vizuri tu.

Mzee wa Nyaya: Hapo sikubaliani nawe, mdogo wangu. Prosesa hiyo ni kizazi cha 6, na kwa Intel Windows 11 inataka kuanzia cha 8, pamoja na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Ukilazimisha itawaka, lakini Microsoft hawajaahidi kuipa apdeti. Ya nyumbani sawa. Ya dukani, ambako kila mteja anachomeka flashi yake, hapana!

Dada, hakikisha Windows 10 yako ni toleo la 22H2, kisha fungua Windows Update ujiandikishe ESU, mpango wa Microsoft wa kuongeza muda wa apdeti za usalama za Windows 10. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe mtandaoni, hulipi kitu. Bila hivyo ni dola 30. Utalindwa hadi Oktoba 2026.

Binti Pengwini: Au weka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, haina masharti ya kizazi. Iwashe kwa flashi bila kufuta chochote, uone kama inaitambua printa yako.

Dada Steshenari: Na CV za watu zilizoandikwa kwa Word?

Binti Pengwini: LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Word, inazifungua, ila fonti ikikosekana mistari inahama. Kwa kazi za wateja, kweli, baki Windows.

Dada Steshenari: Basi najiandikisha ESU leo, huku nadunduliza ya kununua nyingine. Nikiulizia 840 G5 nitakuwa salama?

Mzee wa Nyaya: Si zote. G5 zipo za kizazi cha 7 na cha 8, na kwa nje zinafanana. Usiangalie stika, iwashe mbele ya muuzaji usome jina la prosesa: i5-8250U au i5-8350U chukua, i5-7300U mrudishie. Na mafaili yako yanakili kwenye diski ya nje leo hii, kabla hujagusa chochote.