Naomba njia ya kulainisha taco ngumu za kwenye boksi bila kuzivunja

PakuaMoto
Wakuu habari zenu, naomba msaada wa jikoni na msinicheke. Nilitaka zile tortila laini, vile vichapati vyembamba vya Wamexico unavyokunja mwenyewe na kitoweo ndani ndio inakuwa taco, nikabeba boksi bila kusoma, nafika nyumbani nafungua nakuta maganda magumu yale yameshakunjwa kabisa. Na sio boksi moja, ni mawili. Ningekuwa nakula peke yangu wala nisingelalamika, ila binti yangu amefungwa waya za meno juzi tu na daktari kamwambia vitu vigumu vya kutafuna aachane navyo kwanza, na taco ndio alikuwa ananiomba wiki nzima.

Jana nikajiongeza. Nikachukua ganda nikalichovya kwenye bakuli la maji, nikahesabu mpaka kumi. Juu lilikuwa linateleza ila katikati bado linalia kau, nikalirudisha nikaenda kupekua simu kidogo, kurudi nakuta limelala chini limekuwa rojo na vimafuta vinaelea juu ya maji. La pili nikaliweka kwenye maikrowevu kavukavu dakika nzima, likatoka gumu kuliko lilivyoingia. Kuna njia au nigawe tu?

Bi_Mwiko
Nimesoma kichwa cha uzi bila miwani nikaona "kulainisha tako" nikasema leo jukwaa la mapishi limevamiwa 😂😂 Haya endeleeni, na mimi nataka kujua.

KijikoChaMbao
Pole mkuu. Maikrowevu haikuwa kosa, kosa ni kuiacha bila maji. Ile mashine kazi yake kubwa ni kupasha maji, sasa ganda limekaushwa mpaka basi unategemea ipashe nini? Chukua tishu ya jikoni, ile pana nene, iloweshe halafu ikamue mpaka isidondoshe hata tone. Funga maganda mawili, na tishu ipite ndani ya mkunjo pia maana hapo ndipo yanapokatikia, weka kwenye sahani sekunde 20. Ikilia usifungue!! Yaache humohumo nusu dakika nyingine, muda huo ndio mvuke unafanya kazi. Yakiwa bado yanagoma ongeza sekunde 10, usiongeze dakika. Maikrowevu hazilingani nguvu kwa hiyo la kwanza lihesabu kuwa la majaribio.

Halafu usilikunjue mpaka lilale bapa kama karatasi. Lipanue kidogo tu kitoweo kiingie, inatosha.

ChumviKidogo
KijikoChaMbao yuko sawa ila ngoja niongezee kwa nini yale maji ya bakuli yalikuangusha, maana ukielewa hapo mengine yote utajitungia mwenyewe.

Hizi tortila za mahindi sio unga umechanganywa na maji tu. Mahindi yanachemshwa na maji ya chokaa (ile ya chakula jamani, sio ya kupaka ukuta), yanaachwa humo mpaka kesho yake, yanaoshwa ngozi itoke, ndio yanasagwa yakiwa bado yana maji, na huo unga uliokandika Wamexico wanauita masa. Mahindi hayana ule mnato wa ngano unaovutika, kwa hiyo kinachoshikilia tortila yote ni wanga na maji yake. Sasa ukiitia kwenye mafuta ya moto maji yanakimbia yote, vile vimalengelenge unavyoviona juu ya ganda ni njia yalipotokea, na mafuta yanaingia kukaa palipobaki wazi. Ukilichovya hilo ganda, maji yanarudi kwa fujo, nje kunalegea kabla ndani hakujapata kitu, na hakuna cha kuvishikilia vipande visiachane. Mvuke unaingia kidogokidogo kila upande kwa pamoja. Tofauti iko hapo.

Ila tusidanganyane, halirudi kuwa tortila laini. Unalifanya likunjike kwa dakika chache basi. Likipoa wanga unajikaza tena na safari hii haliwi kau, linakuwa soli ya kiatu, na ukilirudisha kwenye maikrowevu mara ya pili ndio unazidi kuharibu. Lainisha mawili, kula mawili. Watu wanakosea wanalainisha boksi zima halafu wanaita familia mezani.

Na kuhusu kukatika pale kwenye mkunjo, ganda limekaangwa likiwa na umbo hilohilo. Kuna bwana alikuwa na mgahawa New York, Juvencio Maldonado, mwaka 1950 alipewa hataza (hati ya kulinda ubunifu wake) ya kifaa cha kukaangia taco nyingi kwa mpigo zikiwa zimeshakunjwa, ili mpishi asikae anakunja moja moja ndani ya mafuta ya moto akiunguza vidole. Kwa hiyo ganda linakaukia kwenye umbo la U, ukilazimisha kulifungua linapasukia palepale kwenye uti. Mvuke mwingi upeleke huko, midomo ya juu itajijua.

SufuriaMbili
Mi maikrowevu sina na wala siitaki. Sufuria, maji ya vidole viwili, juu yake chujio la chuma lisiguse maji, maji yakichemka panga maganda yamelala ubavu, funika dakika moja tu. Siri iko kwenye mfuniko, uvalishe kitambaa kikavu ncha uzifungie juu zisifike kwenye moto. Usipofanya hivyo mvuke unagonga mfuniko unageuka matone yanadondokea ganda, na kila tone linapotua panakuwa rojo kama lile la kwenye bakuli lako. Toa kwa koleo, sio vidole, mvuke hauna adabu.

KijikoChaMbao
@SufuriaMbili kwa maboksi mawili atasimama hapo jikoni mpaka kesho mzee 😂

SufuriaMbili
Bora kusimama kuliko kutafuna soli.

NusuKikombe
Mnabishana bure wakati kitoweo chenyewe kinaweza kufanya hiyo kazi. Mi nina mtu mzima nyumbani mwenye meno ya bandia na taco hizi anakula, sijawahi kuhangaika na mvuke wala kukamua tishu.

Chukua trei ya oveni yenye kuta, panga maganda yakiwa yamesimama na yamebanana, yaani hili linamshikilia mwenzake, yasiwe na nafasi ya kuanguka. Chini kabisa ya kila ganda paka maharage yaliyopondwa yakiwa moto, kijiko kimoja kimeinuka, yanakuwa kama gundi na unyevu wake unaanza kula ganda taratibu. Juu yake nyama ya kusaga ambayo haijakaushwa, iwe na rojo la nyanya lakini isiwe inaogelea. Jibini ukitaka. Halafu hapa ndio watu wanapasahau, mwaga vijiko viwili vitatu vya maji au supu kwenye sakafu ya trei, pembeni, sio juu ya taco. Funika na foili, bana kingo zote, oveni nyuzi 180 dakika kama 15. Ukizima usifunue, ziache dakika tano nyingine zijitulize.

Unachopata ni chini pamelainika kabisa, uma unapita, na halivunjiki maana limeshagandana na maharage. Juu panabaki na ukau kidogo, kwa mtu wa waya hakikisha foili imefunika vizuri tangu mwanzo mpaka mwisho. Saladi na vitu vya baridi weka mezani. Watu wengine wanatanguliza jani la saladi ndani ya ganda ili lisilowe, wewe unataka lilowe kwa hiyo hiyo achana nayo.

Foili ni ya oveni tu, naomba mtu asije akachanganya njia mbili akaisukuma kwenye maikrowevu.

Bi_Mwiko
Na yakishavunjika mengine kwenye boksi? Maana hakuna boksi linafika zima.

ChumviKidogo
Yaliyovunjika ndio rahisi kuliko yote. Chemsha sosi ya nyanya na pilipili kwenye kikaango, tia vipande, geuza dakika mbili tatu mpaka vilegee, vunjia yai juu au weka jibini. Ni kama chilaquiles za Wamexico, wao nao wanatumia tortila zilizolala wanazikaanga kwanza, wewe umeshakaangiwa. Kwa huyo binti ningeanzia hapo kabla ya yote, anakula kwa kijiko hapati shida.

Ila boksi ukilifungua ukakuta maganda yamelegea yenyewe, nusa kwanza. Kama yana ile harufu ya mafuta ya zamani tupa, huo ulaini sio unaoutafuta.

PakuaMoto
Wakuu nimerudi na mrejesho.

Juzi usiku nilianza na tishu. Sekunde 20, nikasubiri, nikafungua. Aisee ganda likapanuka bila kulia! Nikajaza nikampa binti akala lote anatafunia upande mmoja kama mzee. Kosa langu nililainisha manne kwa pamoja, mawili yakakaa kwenye sahani wakati namsubiri amalize la kwanza, kuja kuyashika yamekuwa soli kweli, nikivuta linavutika halikatiki. ChumviKidogo uliniambia na sikusikia.

Jana nikafanya ya trei. Maharage chini, nyama yenye rojo, maji pembeni, foili. Nilipofunua nikaona chini pamekuwa na rangi iliyokolea, nikachoma kwa uma ukapita mpaka trei. Binti kala matatu hajalalamika waya hata mara moja. Shida ndogo ni maganda ya pembeni, mdomo wa juu ulitoboa foili na hapo pakabaki pakau kama kawaida, nikazikata hizo kingo kwa mkasi kabla sijampa, nikazila mwenyewe nimesimama palepale kwenye oveni.

Sufuria sijajaribu, SufuriaMbili usikasirike. Boksi la pili bado lipo, vipande vilivyovunjika nimevitenga kwenye kopo kwa ajili ya ile ya sosi.

SufuriaMbili
Sijakasirika. Funga kitambaa kwenye mfuniko tu.