Ruzuku ya shule isomwe mbele ya wazazi au ibaki siri ya wakubwa?

Wandugu wa Moshi mnaonaje hili, jana kwenye kikao cha wazazi (shule ya msingi ya serikali, jina silitaji) nusura watu washikane mashati. Tumeambiwa mchango wa madawati elfu 15 kila mtoto, mama mmoja akauliza kistaarabu tu, ruzuku, yaani hela ya serikali ya kuendesha shule, imeingia shingapi na imefanya nini, mwalimu mkuu akamjibu hayo kaulize halmashauri. Na hela yenyewe anapokea mwalimu wa darasa mkononi anaandika kwenye kaunta buku, kontroo namba ya kulipia serikalini hamna, risiti hamna.

Mi nasema isomwe yote, ila mwalimu mkuu simlaumu saana. Pigeni hesabu. Ruzuku ya msingi ni 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na tangu elimu bila malipo ianze 2016 ikapangwa 4,000 ibaki serikalini ya kununulia vitabu, shule itumiwe 6,000. Shule ya watoto 600 hiyo ni milioni 3 na laki 6, gawa kwa miezi 12 ni laki 3. Chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichong'oka, vyote humo humo. Bandika hiyo karatasi ukutani uone nani atasema mwalimu kajengea. Anayeficha anajichongea mwenyewe, au kaambiwa afiche.

Na ndo hapo nataka tubishane. Afisa elimu wa wilaya yuko chini ya mkurugenzi, mkurugenzi kateuliwa na Rais, sisi wazazi tunamshikia wapi? Likibumbuluka, mwalimu mkuu anahamishwa shule nyingine, yamekwisha. Anabaki diwani, huyo angalau tulimpa kura na kwenye baraza anaweza kuwabana, ila wa kwetu tunamuonaga misibani tu.

Jirani yangu mwalimu mstaafu anapinga, anasema ukishabandika namba watu hawachangi tena, watadai serikali imeshaleta. Sikubali mangi. Kamati za harusi hapa hapa Moshi zinasoma matumizi mpaka hela ya barafu na watu wanachanga mpaka wanakopa.

Wa Kibosho, Marangu, hata nyie wa Arusha, kamati ya shule kwenu inasoma mahesabu? Na sheria ya haki ya kupata taarifa ipo tangu 2016, kuna mzazi kaandika barua halmashauri akajibiwa?