Naomba ushauri: Dar mpaka Mbeya na Honda ST1100 ya zamani

Wakuu habari za saa hizi. Nimevuta pikipiki Honda ST1100 ya mwaka 1996, ile ya injini ya V4 (silinda nne) na shafti badala ya cheni, tenki linameza lita 28 so mafuta sio ishu kabisa. Mwezi ujao nataka niipige Dar mpaka Mbeya, kilomita 800 na kitu hivi, wife nyuma na mabegi ya pembeni yamejaa.

Kinachonisumbua ni tairi, kwa macho bado zina kashata nzuri tu ila ubavuni zimeandikwa 2315, yaani zimetoka kiwandani wiki ya 23 mwaka 2015, fundi anasema twende hivyo hivyo mi nasita, joto la Morogoro road na ule mzigo wote raba iliyokakamaa si itapasuka? Na saizi zake mjini ni za kutafuta kwa tochi.

Halafu kwenye mlima wa Kitonga, nikikwama nyuma ya malori yanayopanda taratibu feni itatosha au nibadili kulanti (maji ya kupozea injini) na hozi za rejeta kwanza? Kushuka najua ni gia ndogo, breki nisizichoshe. Oili ya difu (gia za shafti kule nyuma) mnaweka namba ngapi? Na wazoefu wa hiyo ruti, mnalala Iringa au mnaunganisha?